Video ya Mfukoni

Ndirangu,

Kwa muda wa wiki saba, watu wote wanaofuatilia habari za kupanda mawe wameamini kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kulipanda lile jiwe letu la juu ya mji wa Chaka. Mimi mwenyewe niliwaambia hivyo. Nilijipiga video, nikaiweka kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni, nikaandika jina langu chini yake, na watu wakanipongeza. Sasa najua ni wewe uliyelipanda kwanza. Ulinieleza, na sikukusikiliza. Nimekaa nyuma ya kaunta ya agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, hapa Nyeri, ni saa nane mchana, watu wameenda kula. Nakuandikia nikueleze nilichofanya, tena kwa mpangilio, maana hukupenda mtu anayeanzia habari katikati.

Ni miezi mitano tangu lile lori la mchanga likukute kwenye kona ukienda kazini, asubuhi ya manyunyu. Tulikuzika kwenu Wamagana, chini kidogo ya majani chai ya mama yako. Watu walikuwa wengi. Wakubwa wako wa kazi ya pampu za maji walikuja na magari mawili, wakaongea kirefu kuhusu bidii yako. Mimi nilisimama kando ya hema nikitazama kamba moja iliyofungwa ovyo. Nilikuwa nawaza kwamba upepo ukija itafunguka. Mambo mengine ya siku hiyo nimeelezwa na watu. Waliningoja nilie, kisha wakachoka kungoja wakaenda kupanga foleni ya chakula.

Mpaka leo sijalia. Nisikudanganye kwamba ni ujasiri. Unajua daktari wa meno akikudunga ile sindano, unabaki na mdomo ambao unaushika kwa vidole na hausikii? Ndivyo nilivyo, mwili mzima. Nakula kwa sababu saa imefika. Namwambia mteja achanganye dawa na lita ishirini za maji, anaondoka, na dakika mbili baadaye sijui alikuwa mwanamume au mwanamke. Mwenye duka ananionea huruma na amenipunguzia siku za kazi. Heri asingefanya hivyo. Siku za kukaa bila kazi ni ndefu.

Nimekuwa nikikumbuka vitu vidogo tu, vile vikubwa havinijii. Nakumbuka siku tulipompelekea fundi wa viti vya gari zile sponji za makochi ya zamani, atushonee godoro la kuangukia. Alitushonea kwa turubai, akaweka na kamba za kubebea mgongoni, kisha akatuuliza tunaenda kulala wapi sisi wawili na godoro moja. Ulimjibu kwa uso mkavu kabisa kwamba tunalitumia kuanguka. Akasema vijana wa siku hizi wana majina ya kila kitu. Nakumbuka pia vile viatu vya kupandia ulivyoachiwa na mgeni ulipokuwa ukibeba mizigo kule Mlima Kenya, vidogo kwako kwa saizi moja na nusu, na jinsi ulivyokuwa ukivivua kila dakika ukiviambia maneno ambayo Mama hajawahi kuyasikia kutoka kwako.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulinifundisha kwamba mmoja akiwa kwenye jiwe, mwingine anasimama nyuma yake mikono juu, ili akianguka aelekezwe kwenye godoro. Tatizo ni kwamba wewe ulipata nafasi Jumatano na mimi Jumapili alasiri. Tulikutana kwenye jiwe labda mara moja kwa mwezi. Siku zingine zote kila mtu alipanda peke yake, na simu ndiyo iliyokuwa mwenzake, imesimama kwenye ile stendi ya miguu mitatu, mmoja ukiwa umefungwa kwa mpira wa tairi. Tukitoka huko tulitumiana video. Nilikutumia yangu ukanijibu: "Kiuno kiko mbali na jiwe, unaogopa kuchafua nguo?" Ulinitumia yako nikakujibu kwamba mguu wako wa kushoto umelala. Nadhani nilikuona zaidi kwenye simu kuliko kwa macho, na kwenye simu ulikuwa kila mara umenipa mgongo.

Ile sheria uliiweka wewe. Mwaka wa kwanza nilikupigia simu nikipiga kelele kwamba nimelipanda lile jiwe fupi la kando ya mto, na ulichouliza ni video iko wapi. Nikasema stendi ilianguka. Ukaniambia: "Basi pole. Bila video haijapandwa." Nilidhani ni mzaha. Ulinirudisha kwenye lile jiwe Jumapili tatu, mpaka nikapata video, ndipo ukanipa mkono. Baada ya hapo sheria ikawa yetu sote, na nikaishika kukuzidi, kama waongofu wapya wanavyokuwa.

Halafu lile jiwe kubwa. Kwa miaka miwili halikutupa nafasi. Unaanza umekaa chini kabisa, jiwe limekuinamia, vidole viwili kwenye ufa, na kule katikati ni lazima unyanyue kisigino cha kushoto hadi karibu na sikio, ukiegemeze, ndipo uutupe mkono wa kulia juu kwenye ukingo ambao huuoni. Tulianguka pale, kila mtu siku yake, labda mara mia mbili. Hakuna aliyekuwa amelipanda, wa hapa wala wa kutoka Nairobi. Na kwa watu wa mawe, anayefika juu kwanza ndiye anayelipatia jiwe jina. Tulikuwa tukilitaja tu kama "lile jiwe". Hatukusema wazi kwamba tunashindana, na tulishindana.

Ile Jumatano ulinipigia saa saba. Dukani kulikuwa na wateja wanne, kuna mama alitaka chanjo ya kuku na kuna mzee alikuwa anabishana nami kuhusu mbegu za kabichi. Ulisema, "Wairimu, imekubali. Nimefika juu." Nikakuuliza video. Ukaanza kucheka, na mimi nikajua hakuna.

Kosa lenyewe tunalijua sisi wa mawe tu. Mtu akiwa na chaki, ule unga wa kukausha jasho, kwenye vidole, kioo cha simu hakimtambui. Unabonyeza kile kitufe, unaamini kimeingia, unakimbilia jiwe, unapanda vizuri kuliko ulivyowahi kupanda maishani. Unashuka, umejifuta mikono kwenye suruali, vidole vina jasho, unabonyeza ili kuzima. Na hapo ndipo simu inaanza kurekodi. Nimepoteza video nyingi hivyo. Nilijua vizuri kabisa kwamba jambo hilo hutokea.

Ulinitumia hivyo hivyo ilivyo, dakika kumi na moja. Niliifungua huku nikimpimia yule mama chanjo. Kuna uso wako karibu sana, tundu za pua, kidole kina damu, unahema, unacheka, halafu giza. Niliangalia labda sekunde nane. Nikakuandikia: "Hii ni video ya mfukoni. Rudia." Ukaniandikia: "Iache iendelee mpaka mwisho." Nikakujibu nitaiangalia jioni. Jioni sikuiangalia. Siku iliyofuata ukaniuliza kama nimeiangalia, nikasema ndiyo, na kwamba sheria ni sheria. Ukasema sawa, Jumatano ijayo utarudi.

Jumatano iliyofuata ilinyesha. Na ile nyingine hukuwepo.

Nataka niandike jambo moja hapa nisiligeuze geuze. Si kwamba sikukuamini. Sikutaka uwe umelipanda. Nilitaka niwe mimi, au angalau tuwe sote siku moja. Sheria ilinipa mahali pa kujificha.

Baada ya mazishi nilikaa wiki nyingi bila kwenda huko. Kisha Jumapili moja miguu ikanipeleka. Nilibeba godoro, nikaweka stendi, nikapuliza vidole, nikakibonyeza kitufe na kukitazama mpaka nikahakikisha kimekuwa chekundu. Nikakaa chini, nikaanza. Sikuwa naogopa, sikuwa natamani. Labda ndiyo sababu. Mara ya tatu kisigino kilikaa, nikautupa mkono na ukapata ukingo, na ukingo ulikuwa mzuri, wa kushika vidole vyote, wenye kijishimo cha maji ya mvua ndani. Nikajivuta. Nilisimama juu nikaona mabati ya Chaka na barabara. Nilingoja nisikie kitu. Nikashuka kwa upande wa nyuma nikazima simu.

Kwenye ukurasa niliandika: wa kwanza, Wairimu. Jina la jiwe: Ndirangu. Nilidhani nakupa heshima. Watu waliandika maneno mengi mazuri, kwamba urafiki kama huo ni adimu, kwamba popote ulipo unatabasamu. Odhiambo akanitafuta. Ni yule jamaa wa Nairobi anayekusanya mawe yote ya nchi hii kwenye kitabu kidogo, jiwe, mahali lilipo, ugumu wake na mtu wa kwanza. Akaniomba ruhusa ya kuandika jina langu. Nikampa.

Sasa Mama. Wewe unajua jinsi alivyokuwa na video zako. Ukimwonyesha, alikuwa anafunika macho kwa leso na kuuliza, "Umeshashuka?" Hakumaliza hata moja. Wiki tatu zilizopita nilienda kumsalimia. Alinimiminia chai, halafu akasema, "Wairimu, ile video zote za Ndirangu, niletee. Hata zile mbaya. Hata zile ameanguka." Nikamwambia nitazipanga kwanza. Nilisema hivyo kwa sababu baadhi yake zina yale maneno yako kwa viatu.

Jumapili iliyopita niliweka simu kwenye dirisha la jikoni nikawa naosha vyombo huku zikicheza moja baada ya nyingine. Ikafika ile ya mfukoni. Mikono ilikuwa na sabuni, sikuweza kuiruka. Ikaendelea.

Nilisikia zipu ya begi. Nikasikia unakunja godoro, unaimba ule wimbo wa kanisani ambao hujawahi kuimba ubeti wake wa pili kwa usahihi. Nikasikia nyasi kwenye suruali yako. Halafu nikasikia mwanamke anakusemesha kwa mbali, na sauti inakaribia. Nilimtambua. Ni Mama Wachira, yule anayelisha kondoo wake kwenye shamba lenye jiwe, anayetufokea kwa sababu ya chaki.

Aliuliza, "Wewe kijana, leo si umefika huko juu?"

Ukasema, "Uliniona nikipanda hadi mwisho?"

"Nimekuona na macho yangu. Nikasema huyu akianguka, ni mimi nitaitwa na polisi."

Ulicheka. Kisha ukasema, "Mama, utanisaidia kuambia Wairimu? Huyo hawezi niamini bila video, na hii simu hukataa saa zingine."

"Kwani wewe ni mwongo?"

"Hapana. Ni sheria tuliweka."

Akauliza, "Na hiyo jiwe mnapigana nayo hivyo, iko na jina?"

Ukasema, "Sasa iko nayo. Inaitwa Mama Usiangalie."

Yeye alisema ati hilo si jina la jiwe, ni jina la mtu mwenye wasiwasi. Mkacheka wote wawili. Baada ya hapo ni hatua zako, ni pumzi yako, muda mrefu, mpaka video inakatika ghafla. Nilitazama saa ya video, nikailinganisha na simu nilizopiga siku ile. Ilikatika kwa sababu simu iliingia, na simu ilikuwa yangu. Nilikupigia wakati ule kukuuliza kama uliona kofia yangu kwenye begi lako, hukushika, ndipo ukanipigia saa saba.

Maji ya kuoshea vyombo yalipoa. Niliona aibu. Nakuambia hivyo kwa sababu ni kitu cha kwanza nilichohisi tangu mwezi ule, na nilihisi kweli, usoni na shingoni, mpaka nikakaa kwenye ndoo. Ulikuwa umenitumia shahidi, Ndirangu. Alikuwa kwenye simu yangu muda wote huo, dakika ya sita. Na jiwe lilikuwa na jina. Nikalifuta nikaweka lako, nikapigiwa makofi.

Nilimwandikia Odhiambo jioni hiyo hiyo. Nikamweleza yote na kumtumia video. Akajibu kwa upole sana. Alisema pole, ameisikiliza, anaelewa, lakini hii haionyeshi kitu. Ni giza na watu wawili wanaongea. Alisema kitabu chake hakiandiki hadithi, kwa sababu akianza na moja, kila kijana atakuja na yake. Video yangu ilikuwa safi, jiwe lote linaonekana kuanzia chini hadi juu. Aliniuliza kama yule mama anaweza kusema mbele ya kamera kile alichokiona, na akasema anataka jibu kufikia Ijumaa, ukurasa uende kwa mchapishaji.

Nilisoma ule ujumbe mara nyingi. Kila neno alilosema niliwahi kukuambia wewe.

Jumatano, siku yako, nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Nilimbebea Mama Wachira dawa ya minyoo, maana mara ya mwisho kondoo wake wawili walikuwa na matumbo yasiyonipendeza. Alikuwa pale pale, ameketi kwenye gunia, amevaa sweta mbili. Kabla sijamsalimia vizuri akaniambia, "Mmeniachia unga kwa mawe tena. Mvua ikikataa kunyesha, nani atafagia?" Halafu akanikumbuka. Akasema, "Pole. Nilisikia ni lori." Hakuongeza kitu kuhusu lori na nilimshukuru moyoni.

Nilimuuliza kama anaikumbuka siku uliyofika juu. Alinitazama kama nimemuuliza kama anawajua kondoo wake. "Si nilimuona. Alianguka, akaanguka tena, akatukana, halafu akapanda. Alikaa huko juu akashika kichwa akalia. Nilidhani ameumia, nikaanza kuja. Akanipungia mkono ati niko sawa, mama."

Hilo hukunieleza. Kwenye simu ulikuwa unacheka tu.

Nikamuuliza kama anaweza kulisema hilo nikimrekodi. Akavuta leso yake mbele. "Mimi siwekwi kwa simu." Nikamweleza ni kwa ajili ya kitabu, ni kwa ajili yako. Akasema, "Mtu akitaka kujua, akuje aniulize. Niko hapa kila siku. Nimesema nilimuona, na nikisema nimesema." Nilimbembeleza kidogo, kisha nikaacha. Nilijiona nilivyo, nimemsimamia mama mzima na simu mkononi, namdai ushahidi.

Nilipokuwa nikiondoka akaniita. Akasema, "Na wewe pia nilikuona, ile Jumapili. Ulifika juu ukashuka. Hukucheka, hukulia. Nikajiuliza kama ni kazi umetumwa." Nikamwambia dawa ile ni mililita tano kwa kila kondoo, na nikaenda zangu.

Kutoka huko sikurudi Nyeri, nilipitiliza hadi Wamagana. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia nimemletea moja tu kwa leo, na kwamba haina mahali pa kuogopa. Nikaiweka juu ya meza. Alishika leso tayari, kisha akaona ni giza, akaishusha. Tulisikiliza yote. Ulipofika kwenye lile jina alisema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu alicheka, akajifuta macho, akasema, "Huyu mtoto." Kisha nikamweleza nilichofanya, kwamba jiwe liko na jina langu kama mtu wa kwanza. Nilitaka anikaripie. Alichambua maharagwe kwa muda, ndipo akasema, "Si uende uambie huyo mtu wa kitabu aandike vile mtoto alisema. Kwani ni ngumu?"

Nilikuwa nimeifanya ngumu. Niliifikiria njia nzima ya kurudi. Lile jiwe ndicho kitu pekee nilichowahi kukifanya kabla ya watu wengine, Ndirangu. Mimi nauza mbegu. Kwenye kitabu kingekaa hata nikiwa nimezeeka: wa kwanza, Wairimu. Nisikufiche, nilichungulia tena ule ukurasa wa kitabu alionitumia Odhiambo kabla ya kuandika.

Kisha nikaenda kwenye ukurasa wetu nikabadilisha maneno yaliyo chini ya video. Nimeandika: jiwe linaitwa Mama Usiangalie. Wa kwanza, Ndirangu. Aliyeko kwenye video hii ni wa pili. Nikaeleza kwamba ulipanda Jumatano, kwamba hakuna picha, na kwamba niliambiwa nikapuuza. Watu wamesema mengi. Kuna aliyesema ni unyenyekevu, kuna aliyesema natafuta huruma, kuna kijana wa Nanyuki aliyeuliza kama sasa kila mtu anaweza kujiandikia marehemu wake. Sikumjibu. Swali lake ni halali, na miezi mitano iliyopita ningeliuliza mimi.

Odhiambo nilimpigia simu. Nikamwambia shahidi yuko lakini hawekwi kwa simu, na akitaka apande boda kutoka Chaka, atamkuta na kondoo. Akasema anaweza kuweka jina lako na alama ya kuuliza pembeni. Nikakataa. Nikamwambia aandike Ndirangu kwanza bila alama yoyote, au atoe jiwe lote kitabuni, na mimi pia anitoe. Akasema, "Na mtu akiniuliza ushahidi?" Nikamwambia ampe mtu huyo namba yangu. Alisema atafikiria. Alifikiria siku mbili. Leo asubuhi nilipokuwa nikifungua duka, amenitumia ukurasa mpya. Jina lako liko mbele, na la jiwe ni vile ulivyosema. Hakuna alama. Nimeukagua herufi kwa herufi, hata jina la eneo, Kieni, nimelikagua.

Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Nilidhani nikiuona ule ukurasa kitu fulani kitafunguka kifuani. Hakijafunguka. Mteja wa kwanza alikuja nikamuuzia mbolea. Lakini nimemkumbuka, alikuwa mwanamke, alikuwa na mtoto mgongoni mwenye kofia ya kijani. Labda inaanza hivyo, sijui.

Mama anataka kulitazama jiwe. Si video, jiwe lenyewe. Nimemwahidi Jumamosi hii. Tutatembea polepole kwa ajili ya magoti yake, nitambebea kiti, na kama Mama Wachira yupo watasalimiana wenyewe na kusema wanavyotaka bila mimi kuwarekodi. Nakuahidi hilo, na nakuahidi lingine: mtu yeyote atakayekuja na kuniuliza ni nani aliyelipanda kwanza, nitamwambia ni wewe, na akiuliza najuaje, nitamwambia uliniambia.

Lala salama, Ndirangu. Mteja ameingia.

Ni mimi, wa pili,
Wairimu